Bunduki ya Babu na Risasi Zisizotengenezwa Tena

SWALI

Ndugu Mshauri,

Marehemu babu ameniachia bunduki ndogo ya Kimarekani, Stevens Favorite, inayobeba risasi moja moja. Mtutu una urefu wa sentimita 56, na upande wa nyuma umegongwa namba 32 peke yake. Wenzo wa chini umeganda, hauteremki hadi mwisho. Nje kuna kutu nyekundu iliyochanganyika na weusi wa zamani, na ndani ya mtutu ni giza tupu. Kitako cha mti kimepasuka shingoni. Pamoja nayo nimekuta boksi lenye risasi 38. Kila moja ina herufi H chini, hazina fataki (kiwashio cha baruti) katikati, na baadhi zimeota unga mweupe.

Nimeuliza watu watatu, kila mmoja na lake. Wa kwanza anasema ninunue risasi za bastola za .32 Smith & Wesson, kwa kuwa "32 ni 32". Wa pili, ambaye ni fundi, anataka kuupekecha mtutu na kupachika ndani yake mtutu mwembamba wa .22. Wa tatu anashauri bunduki yote ipigwe msasa na kung'arishwa upya. Mimi nataka ibaki kuwa bunduki ile ile aliyoishika babu, na niweze kupiga nayo shabaha mara chache kwa mwaka. Je, nianze na hizi 38?

Mrithi

JIBU

Ndugu Mrithi,

Usianze nazo, na wala usianze na ushauri wa yeyote kati ya hao watatu. Unachotaka kinawezekana, ila kwa sharti moja ambalo nitalirudia kila hatua: risasi ndiyo ifuate bunduki, bunduki isikatwe ili ifuate risasi. Chochote utakachofanya kiwe kitu unachoweza kukitengua kesho na bunduki ikarudi kama ilivyokuwa.

Kwanza karatasi. Kurithi chuma si kurithi leseni ya marehemu, kwa hiyo taarifu mamlaka inayohusika na silaha huko uliko kabla hujaigusa kwa bisibisi. Sheria za bunduki za kale hutofautiana sana. Huko Marekani sheria ya shirikisho huhesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Uingereza bunduki ya kaliba (aina ya risasi inayobeba) iliyopitwa na wakati inaweza kuwekwa kama pambo bila cheti, lakini ukitaka kuifyatua ni lazima uwe na cheti. Uliza waziwazi kuhusu kuifyatua, siyo kuimiliki tu, maana majibu yake mara nyingi si mamoja.

Sasa tuitambue. Kampuni ya Stevens ilikuwa Chicopee Falls, Massachusetts, na Favorite ilikuwa bunduki ya vijana na ya wawindaji wa vinyama vidogo. Ilitengenezwa kwa kaliba za .22, .25 na .32, zote za fataki ya ukingoni. Katika risasi za aina hii fataki haikai kwenye kikombe katikati, bali imesambazwa ndani ya mkunjo wa ukingo wa ganda, na pini ya kufyatulia huuminya ukingo huo ili iwake. Ndiyo maana ganda lake halijazwi tena kirahisi: ukingo ukishaminywa umeharibika. Ndiyo maana pia shaba yake ni nyembamba na laini, jambo lenye maana kubwa kwa usalama wako, kama utakavyoona.

Herufi H kwenye risasi zako ni alama ya Winchester kwa heshima ya Benjamin Tyler Henry, aliyebuni bunduki ya Henry iliyopewa hataza mwaka 1860. Risasi hizo zina thamani kwa wakusanyaji, hasa boksi likiwa zima. Kwa kupiga, zina hatari tatu. Shaba ya zamani hupasuka, na ikipasuka ukingoni gesi ya moto inarudi nyuma usoni mwako. Baruti iliyopoteza nguvu inaweza kukiacha kichwa cha risasi katikati ya mtutu, na risasi ya pili ikikifuata mtutu unavimba. Tatu, risasi za Kimarekani za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1920 mara nyingi zilikuwa na fataki ya klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu na kula mtutu hata ukiupaka mafuta. Ziweke mahali pakavu na baridi. Usizivute kwa koleo kutaka kutoa vichwa: ukiubana ukingo unabana fataki yenyewe. Zile zilizoota unga mweupe au zenye ufa zikabidhi kwa mamlaka.

Kuhusu "32 ni 32", huyo aliyekwambia hivyo hajashika kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Ganda la .32 ya ukingoni lina kipenyo cha takriban milimita 8.1. Ganda la .32 Smith & Wesson ni takriban 8.6, haliingii kwenye chemba yako, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi, bila kuipekecha. Na hata likiingia, fataki yake iko katikati wakati pini yako inagonga pembeni, kwa hiyo ungeharibu chemba na bunduki isilie. Namba ya kaliba ni jina la biashara. Vipimo vitakwambia zaidi.

Tuje kwenye kufungua. Hakikisha chemba ni tupu kabla ya jambo jingine. Kwa kuwa wenzo umeganda na huwezi kuchungulia, ingiza kijiti cha mbao kupitia mdomo wa mtutu hadi kigote, weka alama, kisha kipime kwa nje. Kikiishia kabla ya uso wa bloki, kile kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya chemba, kuna kitu ndani, na hapo mpelekee fundi wa bunduki bila kugonga chochote. Ikiwa ni tupu, dondosha mafuta ya kupenya kwenye viungo vyote vya wenzo na bloki, acha siku mbili ukiongeza kila baada ya saa kadhaa. Usiulazimishe wenzo kwa nguvu. Viungo vidogo vya Favorite ndivyo sehemu yake dhaifu.

Mtutu unatoka kwa skrubu moja kubwa iliyo chini, mbele ya fremu. Skrubu nyingine ni za wenzo, bloki, nyundo na kifyatulio. Tafuta bisibisi ambayo ncha yake imenolewa pande zake zikawa sambamba, inayojaza mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene. Bisibisi ya kawaida ina ncha ya kabari, inapanda na kuteleza, na skrubu moja iliyoliwa kichwa inaonekana kutoka mbali kuliko kutu yote. Skrubu ikikataa, ipashe moto kwa ncha ya pasi ya kulehemu vifaa vya umeme, iache ipoe, tia mafuta, jaribu tena. Piga picha kila unapotoa kipande.

Huyo wa tatu aliyetaja msasa ndiye adui mkubwa wa bunduki yako. Kupiga msasa na kung'arisha hufuta maandishi ya kiwanda, huviringisha kingo zilizokuwa kali, na hupanua matundu ya skrubu. Chuma kilichoondoka hakirudi. Kutu nyekundu, kinyume chake, unaweza kuigeuza badala ya kuiondoa. Safisha mtutu kwa asetoni mpaka usiwe na alama ya mafuta, kisha uchemshe wote kwa dakika 20 hadi 30 katika maji yaliyokenekwa, au maji safi ya mvua, ndani ya chombo kirefu. Bomba la chuma lililozibwa upande mmoja na kupasuliwa juu linafaa. Kutu nyekundu hugeuka oksidi nyeusi, ambayo ni jamaa ya rangi ile ile iliyowekwa kiwandani. Utoe ukiwa wa moto, ukauke wenyewe, usugue polepole kwa sufi ya chuma namba 0000 isiyo na mafuta. Ule unga mweusi unaotoka ni wa juu tu. Rudia mara mbili au tatu, kisha upake mafuta ungali vuguvugu. Usitumie siki, maji ya limau wala dawa za dukani za kuondoa kutu: zinakula weusi wa zamani pamoja na kutu, na utabaki na chuma cha kijivu.

Fremu ni habari nyingine. Ilitoka kiwandani ikiwa imegumishwa ngozi yake kwa joto na kaboni, ikawa na madoa ya buluu na kahawia. Ukiona hata kivuli cha rangi hizo chini ya uchafu, acha sufi ya chuma kabisa. Mafuta mepesi na kitambaa cha pamba vinatosha.

Ufa wa shingo ya kitako usipigwe msumari. Ondoa mafuta ya zamani ndani ya ufa kwa asetoni, upanue kidogo kwa kuupinda, sukumia gundi ya epoksi nyepesi kwa uzi mwembamba hadi itokeze upande wa pili, kisha ufunge kwa mpira wa ndani wa tairi uliokatwa vipande virefu. Unafuata umbo la shingo na kubana pande zote, jambo ambalo jiliwa haiwezi. Epoksi iliyozidi ifute kabla haijagumu. Baadaye paka mafuta ya kitani, tabaka jembamba sana, ukifuta ziada kila mara. Vitambaa vya mafuta hayo vitandaze vikauke peke yake. Vikikunjwa na kulundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Ndani ya mtutu, pitisha brashi ya shaba yenye mafuta ya kupenya kutoka upande wa chemba, acha siku, rudia. Giza unaloliona huenda ni masizi ya baruti na madini ya risasi yaliyoganda, na hayo yanatoka. Usitumie zebaki, njia ya wazee yenye sumu. Ukishasafisha, elekeza mtutu kwenye mwanga. Vishimo vya kutu vinapunguza usahihi lakini si lazima viuzuie mtutu kutumika. Ukiona pete moja nyeusi inayozunguka ndani, na kidole kikahisi uvimbe mahali hapo kwa nje, mtutu umewahi kuvimba. Huo hautumiki tena mpaka fundi wa bunduki auone.

Sasa pima. Sukuma gololi ya madini laini ya risasi, iliyo kubwa kidogo kuliko tundu, kutoka chemba hadi mdomoni, kisha upime kipenyo chake kwa kalipa au mikromita. Hicho ndicho kipenyo cha mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, na ndicho kinachoamua ukubwa wa kichwa cha risasi. Kwa chemba tumia aloi ya bismuthi iliyotengenezwa kwa kazi hii, inayoyeyuka kati ya nyuzi 71 na 88 za Selsiasi. Ziba mtutu kwa pamba sentimita mbili mbele ya chemba, mimina, na itoe ndani ya nusu saa, wakati ikiwa imesinyaa kidogo. Ipime saa moja baada ya kumiminwa, hapo huwa sawa na chemba. Ukisubiri siku nyingi itakuwa imevimba na kukudanganya. Ukipata kipenyo cha takriban 8.1 na urefu unaolingana na ganda la milimita 20, unayo .32 Long. Ganda la .32 Short lina milimita 14.6 hivi.

Mambo matatu ya mwisho kwa upande wa chuma. Angalia mdomo wa chemba pale pini inapogonga. Bunduki za fataki ya ukingoni zikifyatuliwa tupu, pini hugonga chuma cha chemba na kukibonyeza, na kile kidonda huzuia risasi kuingia. Fundi ana kifaa laini kilichochongoka cha kukirudisha chuma mahali pake bila kukata. Pini yenyewe iwe na ncha butu iliyolainishwa, na ikitoka isifike kwenye chuma cha chemba. Halafu pima nafasi kati ya bloki iliyofungwa na mtutu kwa fila geji (vibati vya kupimia mwanya), na uone kama bloki inacheza mbele na nyuma. Nafasi ikizidi unene wa ukingo wa ganda, ukingo hauegemei kitu, na pale ndipo shaba ile nyembamba hupasukia. Tiba yake mara nyingi ni pini mpya za viungo, zenye unene mkubwa kidogo. Mwisho, nyundo iliyovutwa hadi nusu tu isiteremke hata ukiisukuma kwa dole gumba. Ikiteremka, usipige nayo.

Risasi ya .32 Long haitengenezwi tena na viwanda vikubwa, na makundi machache yaliyotolewa baadaye yamekwisha au yanauzwa kama vito. Njia inayofaa zaidi kwa shabaha chache ni maganda ya kudumu yaliyochongwa kwa mashine kwa kaliba yako. Sehemu ya chini ya kila ganda ina tundu lililosogezwa pembeni, unapachika humo risasi tupu ya .22 isiyo na kichwa, ambayo inafanya kazi ya fataki. Juu yake unaweka baruti nyeusi na kichwa cha risasi. Tundu likiwa pembeni, ukingo wa ile tupu unakaa chini ya pini, mradi uligeuze ganda lielekee pini kila unapopakia. Weka alama ya kalamu ya chuma ili usikosee. Ganda lililogeuzwa vibaya halilii, na wengi hudhani pini ni mbovu.

Vichwa viwe vya aina ya zamani yenye kisigino: mwili una kipenyo sawa na ganda, na sehemu ya nyuma iliyopunguzwa ndiyo inayoingia ndani yake. Kalibu ya kuvimiminia huuzwa pamoja na maganda. Uzito wa asili ni gramu 5.8, na baruti nyeusi ya asili ilikuwa gramu 0.84 hivi, lakini ganda la kudumu lina kuta nene na hubeba pungufu. Fuata kipimo cha aliyelitengeneza, wala usilazimishe kile cha zamani. Tumia risasi tupu ya aina aliyoitaja yeye tu. Zile za mashine za kupigia misumari hutofautiana sana kwa nguvu kulingana na rangi, usizijaribu kwa kubahatisha. Baruti nyeusi ijae hadi chini ya kichwa bila kuacha hewa. Usitie baruti isiyo na moshi hata chembe: shinikizo lake huweza kupanda kupita uwezo wa mtutu huu.

Madini ya risasi yawe laini. Vichwa vigumu havitanuki kujaza mifereji, na gesi itapita pembeni na kupaka mtutu. Yayeyushie nje penye upepo, na unawe mikono kabla ya kula. Kilainishi kiwe nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Grisi ya gari ikikutana na baruti nyeusi hutoa lami inayoziba mifereji ndani ya milio michache.

Kuna njia ya pili inayokubalika: kutengeneza bloki nyingine yenye pini ya katikati, na kupiga .32 Long Colt, ndugu yake .32 Long mwenye fataki katikati na kisigino kile kile, akijazwa baruti nyeusi. Marlin walifanya hivyo kwa bunduki yao ya 1892, walipouza pini mbili ili mnunuzi abadilishe atakavyo. Bloki ya asili unaihifadhi ikiwa imepakwa mafuta, na siku ukitaka unairudisha. Gharama yake ni kubwa kuliko maganda, ila inapendeza kwa anayepiga mara nyingi.

Pendekezo la fundi la kuweka mtutu wa .22 ndani si la kijinga, lina mahali pake: mtutu ambao mifereji yake imekwisha kabisa. Lakini hakukuambia jambo moja. Ukingo wa .32 una kipenyo cha milimita 9.6 hivi na wa .22 ni 7 tu, kwa hiyo pini yako, iliyopangwa kwa ukingo mpana, itagonga nje ya ule mdogo. Itabidi bloki pia ibadilishwe. Tena .22 Long Rifle ya leo ina shinikizo la juu linaloruhusiwa la takriban 24,000 psi (pauni kwa inchi ya mraba), mzigo mzito kwa viungo vya Favorite ya zamani. Kwako, usikubali mpaka umeusafisha mtutu na kuuona. Mitutu mingi inayoitwa mibovu ni michafu tu.

Siku ya kwanza usiiweke begani. Ifunge kwenye fremu nzito au katikati ya magurudumu ya gari yaliyolazwa, mtutu uelekee kwenye ukingo wa udongo, na uvute kifyatulio kwa kamba ndefu ukiwa nyuma ya kinga. Piga risasi tano hivyo, ukiyachunguza maganda baada ya kila moja. Ganda lililovimba upande mmoja au lenye masizi nje, na ile tupu iliyotobolewa na pini au iliyopasuka ukingo, kila mojawapo ni amri ya kusimama. Ikikataa kulia, ielekeze mbele kwa dakika nzima kabla ya kufungua bloki. Ikilia kwa sauti dhaifu, pitisha kijiti kwenye mtutu kabla ya kupakia tena. Ukiridhika, ndipo uiweke begani, ukivaa miwani na vizibo vya masikio, na umbali wa mita 25 ndio wa kuanzia.

Ukimaliza, osha mtutu siku hiyo hiyo kwa maji ya moto yenye sabuni kidogo, maana masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na mafuta peke yake hayayatoi. Kausha kwa vitambaa mpaka kitoke cheupe, paka mafuta, na uihifadhi mdomo ukiangalia chini ili mafuta yasimwagikie kwenye shingo uliyoiunga. Asubuhi yake pitisha kitambaa kingine. Kikitoka na wekundu, rudia maji ya moto.

Mshauri